Kopo la Chini ya Jabali

Mimi sikuwa mtu wa michezo. Nilipopunguzwa kiwandani wakati wa ubinafsishaji nilitoka na mwili mzito, ulimi mkali na ufunguo mmoja mfukoni, wa kabati langu la kubadilishia nguo. Siku ya mwisho walitutaka turudishe sare, viatu na vitambulisho. Ufunguo hakuna aliyeuuliza, nami sikuona sababu ya kumkumbusha mtu. Baadaye kabati lenyewe liliuzwa pamoja na mashine kama chuma chakavu, na mimi nikabaki natembea na ufunguo usio na mlango. Sijui kwa nini sikuutupa. Labda ni ubishi tu, maana ubishi ndio mali pekee niliyorithi isiyogawanywa.

Nikapata kazi kwenye kibanda cha intaneti karibu na soko. Enzi hizo intaneti ilikuwa ngeni Morogoro. Watu wazima walikuja kuandikiwa barua za kupeleka ng'ambo, wanafunzi walikuja kutazama matokeo, na vijana wengine walikuja kutazama mambo ambayo ilinibidi nipite nyuma yao nikikohoa. Katika wateja wangu alikuwapo mzee mmoja, mpima ardhi mstaafu, nadhifu, kalamu mbili mfukoni. Kila Ijumaa baada ya swala alikuja kuchapisha karatasi moja iliyojaa tarakimu. Nilivumilia wiki kadhaa, kisha nikamuuliza kama anacheza bahati nasibu.

"Hizi ni mahali," akasema. "Kila mstari ni mahali ambapo mtu ameficha kopo."

Akanieleza. Dunia nzima, alisema, kuna watu wanaoficha makopo porini na mijini, kisha wanaandika mtandaoni kopo liko wapi, kwa tarakimu za ramani. Wengine wanalitafuta kwa jipiesi, kile kidude cha mkononi kinachoongea na setilaiti. Ukilipata unaandika jina kwenye karatasi iliyomo. Ukitaka unachukua kitu kidogo kimoja na kuacha kingine badala yake, halafu unarudisha kopo palepale. Sharti kubwa ni kwamba mtu asiyecheza asikuone ukilifungua, na akikuuliza unafanya nini, utunge jambo.

"Na mshindi anapata nini?"

"Hapati kitu."

Nikamwambia nimeshaona watu wenye nafasi zao duniani, lakini yeye kawapita wote. Akacheka. Mwezi uliofuata nilikuwa naye Mazimbu, katikati ya kundi la watu wasiozidi vidole vya mikono miwili, tukizunguka majengo ya chuo huku tukijifanya tunatafuta kivuli cha kukaa.

Sitadanganya, nilipenda. Kundi lilikuwa la kila namna: wahadhiri, muuguzi, fundi redio, vijana wa kizungu waliokuja kufundisha kwa kujitolea. Mara moja tulikodi gari kwenda Turiani, na mshale wa jipiesi ukatuingiza kwenye mashamba ya miwa tukapotea wote na vidude vyetu, mpaka mama mmoja aliyekuwa akichuma mchicha akatuonyesha barabara kwa kidevu. Tulikula pilau kando ya mto tukatukanana kwa mapenzi. Kwa mtu aliyekaa miaka mingi akisikiliza mashine za kufuma, kutembea bila kutumwa na mtu kulikuwa jambo kubwa. Na ile furaha ya kuinua jiwe ukakuta kweli kitu kimekaa kinakungoja, sijaipata mahali pengine.

Sasa nimseme kaka yangu.

Alikuwa mtoto wa mama mkubwa, yaani dada wa mama yangu, na kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo huyo si binamu wala nani, ni kaka yako hasa. Tulikulia pamoja kwa mama mkubwa, mlimani, juu ya mji, mahali ambapo ukikohoa jirani wa bonde la pili anakupa pole. Yeye alikuwa mfungaji wa matenga. Ndizi, karoti, njegere, chochote kilichoshuka sokoni kutoka kwetu, kilipitia mikononi mwake. Alikuwa na kisu kidogo chenye mpini wa gunzi la muhindi, na kwa kisu hicho alichana kamba za mgomba na kufunga tenga kwa fundo lake mwenyewe. Lilijirudia ndani mara mbili na kumeza ncha yake, usione pa kuanzia. Wanunuzi sokoni walikuwa wanalaani na kukata kamba. Mimi nimekaa nalo jua zima nikashindwa. Mama mkubwa peke yake ndiye aliyeweza kulifungua. Alikuwa analisukuma kwa kidole gumba upande ambao hungedhani, likaachia. Alimgombeza kila siku kwa kuharibu kamba za watu, naye akajibu, "Mama, likifunguka kwa kila mtu si fundo, ni salamu."

Halafu ikaja habari ya mawe ya Tunduru, na vijana wote wenye miguu wakakimbilia huko. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara, wanunuzi wa vito walipita na mikoba, na kila kijiji kilikuwa na kisa cha mtu fulani aliyeokota jiwe la kijani akajenga nyumba ya bati. Kaka akaondoka na wenzake wawili. Kisu akakiacha kwa mama yake kikiwa kimechomekwa kwenye ukuta wa udongo, akasema huko hakuna migomba ya kuchana. Mmoja wa wale wenzake alirudi peke yake. Alisema shimo liliporomoka. Kama alimwona kaka akiingia shimoni? Alimwona asubuhi, jioni hakumwona. Kama walimfukua? Watu walikimbia, mvua ilikuwa inanyesha, lile shimo halikuwa la mtu yeyote.

Kwetu marehemu haachwi hivihivi. Watu hukaa matanga, humwombea, kisha jina lake hupewa mtoto mwingine wa ukoo ili lisipotee. Bila matanga, jina linabaki linazurura. Mjomba, kaka yao mama zetu na mkubwa wa ukoo, alitaka tulimalize jambo hilo. Mama mkubwa akagoma. "Kaburi lake mmeliona?" alikuwa anauliza, na kwa kuwa hakuna aliyeliona, kikao kilivunjika. Kila mwaka kilikaa na kila mwaka kilivunjika. Mimi nilikuwa nimeshamlilia kaka kimoyomoyo, nikawa namwonea huruma mama mkubwa na kumkasirikia kwa pamoja. Alipika akambakizia chakula. Mlango wa mbele hakuwahi kuufunga kwa komeo, na mlimani kwetu kuna baridi.

Siku kundi lilipokwenda kuficha kopo mlimani, mimi nilikuwa kazini. Mzee alichagua mahali kwa jicho la upimaji: jabali kubwa, mbingu wazi, setilaiti zinaonekana vizuri. Nilikuja kujua ni wapi tulipopanda wote kwa sherehe ya kulifungua kopo jipya. Njia ilipita kwa mama mkubwa, akatupa maji na ndizi, na alipouliza wageni wanatafuta nini, mtu akasema wamekuja kutazama ndege, maana ndilo sharti la mchezo, na kweli wazungu huja kwetu kutazama ndege. Mama mkubwa akatikisa kichwa kwa huruma. Tukaendelea kupanda kufuata mshale, na kila hatua mshale ukawa unanipeleka mahali ninapopajua, mpaka ukasimama kwenye jabali letu.

Nasema letu kwa sababu nyuma yake ndipo kichaka cha makaburi ya ukoo kinapoanzia. Jabali liko nje ya kichaka na si mwiko mtu kufika, lakini utotoni tulikatazwa kupiga mluzi pale, kwa kuwa huwezi kujua ni nani atakayeitika. Mzee aliona nimesita. Akaniuliza kama pana ubaya.

"Ubaya hakuna," nikamwambia. "Ila msipige mluzi."

Wakacheka, lakini hakuna aliyepiga. Chini ya jabali kuna pango dogo kama mdomo wa chungu, na humo lilikuwemo kopo, lile la plastiki la kuwekea chakula, lenye mfuniko wa kubana. Binti mmoja wa kizungu alifungua akatoa chanuo la mti lililong'oka meno mawili, akalifurahia sana, akalichomeka kwenye nywele zake. Nilimwona. Nilifikiri ni la mmoja wetu. Zamu yangu ilipofika nilijipekua sikuwa na kitu cha kuacha, isipokuwa ule ufunguo. Nikauweka. Nilijisikia mwepesi kwa namna nisiyoitegemea, kama mtu aliyevua kiatu kinachobana.

Kundi likaendelea na safari zake. Watu wachache walipanda mlimani mara kwa mara, nami kibandani nikawa nasoma mtandaoni waliyoyaandika: mmoja kachukua ufunguo? Hapana, ufunguo haukutajwa tena. Mwingine kaacha kiatu cha mwanasesere. Mwingine kaacha sarafu ya nchi gani sijui. Nilisoma, nikafunga, nikaendelea kukohoa nyuma ya vijana.

Sikukuu ya Idd nilipanda kumwamkia mama mkubwa. Nilimkuta amejitanda khanga mpya, uso umenawiri. Tulipomaliza kula alitazama nje, akanishika mkono, akaniingiza chumbani kwake.

"Kaka yako yu hai," akasema.

Nilikaa kitandani. Alitoa kitambaa kutoka chini ya mto, akakifungua taratibu juu ya mkeka. Ndani mlikuwa na kigari kidogo cha plastiki, ufunguo, kiatu cha mwanasesere na sarafu.

Aliniambia alikwenda kufagia kaburi la mama yake, bibi yetu, kama afanyavyo, na aliporudi akachungulia chini ya jabali kwa kuwa aliona majani yamelazwa. Akakuta kopo. Lilikuwa na vitu vidogovidogo vya kitoto, na juu yake hicho kigari. Je, kaka yangu utotoni hakuwa akitengeneza magari ya waya kutwa nzima? Akakichukua. Lakini huwezi kuchukua kitu kwa wafu mikono mitupu, akaenda kuleta chanuo la kaka, akaliweka. Aliporudi, chanuo limepokelewa na umeletwa ufunguo.

"Ana nyumba," akasema mama mkubwa. "Unaona? Kajenga."

Alipeleka kifungo cha shati lake la shule. Kikapokelewa, kikaletwa kiatu. "Ana mtoto. Wa kike, kiatu hiki cha kike." Alipeleka picha ndogo ya kwake mwenyewe, kijana asije akamsahau sura. Ikaletwa sarafu. "Sasa hii nimemwonyesha mwalimu, kasema si ya kwetu. Yuko ng'ambo ya Ruvuma, ndiyo maana kafichaficha. Huenda amefanya jambo huko, anaogopa kushuka. Wala sijali. Mimi nangoja tu."

Niliutazama ufunguo wangu kwenye kile kitambaa. Alikuwa ameusugua kwa majivu, unang'aa kuliko nilivyowahi kuuona. Niliogopa. Sikuogopa mizimu, niliogopa jinsi kila kitu kilivyokaa mahali pake, jinsi sisi watu wa kundi, mmoja baada ya mwingine, bila kuulizana, tulivyomwandikia mama yule habari za mwanawe, na habari zote zikawa nzuri. Nje mjomba alikuwa anaongea na wageni wa sikukuu. Nilikikunja kile kitambaa, nikamrudishia.

Nilishuka jioni ileile nikaenda moja kwa moja kwa mpima. Alinisikiliza akiwa amesimama. Nilipofika kwenye picha, akakaa. Picha ile ilikuwa nyumbani kwake, kwenye kabati la vikombe. Alikuwa ameipenda kwa kuwa yule mama alimkumbusha mtu. Hakusema nani, nami sikumuuliza. Asubuhi alikuja kibandani akafuta mahali pale mtandaoni, mbele ya macho yangu, asije mtu mwingine akapanda. Akasema tutapanda wote wawili, yeye atasema mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyechagua jabali. Lakini masika yaliwahi. Mvua ilinyesha kana kwamba kuna mtu aliyeisahau wazi, njia za mlimani zikageuka mito, na mpaka ilipokatika hakuna aliyepanda wala kushuka asiye na dharura.

Tulipofika, mama mkubwa alikuwa kibarazani anapembua maharage. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Mpima alivua kofia, akamwamkia kwa heshima ingawa walikuwa karibu rika moja, akakaa kwenye kigoda, akasema. Alisema vizuri, bila kujificha. Alisema juu ya kopo, setilaiti, sharti la kutoonekana. Alisema lile jambo la ndege halikuwa kweli. Akatoa picha mfukoni akaiweka juu ya ungo.

Mama mkubwa hakuacha kupembua. Alitupa kokoto moja, akatupa ya pili.

"Kwa hiyo nyie watu wazima, na mvi zenu, mnapanda mlima kuficha kopo."

"Ndiyo, mama."

"Na nani anawalipa?"

"Hakuna."

"Makubwa." Akanigeukia. "Na ufunguo?"

"Wangu, mama. Wa kiwandani."

"Unafungua nini?"

"Haufungui kitu."

Akaendelea na maharage kwa muda. Nilitamani anitukane. Nilikuwa tayari hata kwa kofi. Kisha akafuta mikono, akaingia ndani, akatoka na kile kitambaa, akakiweka mapajani mwangu.

"Warudishie wenyewe," akasema. "Lakini mvua zilipokuwa zinaanza nilipeleka kisu chake. Kile cha gunzi. Nilifikiri, kama yuko huko ana mtoto, atahitaji kisu chake. Nenda ukaniletee. Kama ni matanga, mjomba wako atataka kitu cha kumkabidhi atakayepewa jina."

Lile neno, matanga, alilisema kama mtu anayetaja chumvi. Mpima aliinamisha kichwa.

Nilipanda peke yangu. Mpima alinipa jipiesi yake mkononi, ingawa njia ile naijua kwa nyayo. Nadhani alitaka tu kunipa kitu. Ukungu ulikuwa mzito, migomba ikaisha, majani marefu yakaanza kunilowesha mpaka kiunoni. Karibu na kichaka mshale ulianza kuyumba. Ulionyesha mbele, ukageuka ukaonyesha nyuma yangu, ukatulia, ukageuka tena. Najua sababu, mzee alikuwa ametufundisha: miti na mawe huzuia mawimbi ya setilaiti. Najua. Lakini kila ulipoonyesha nyuma yangu, nilitazama nyuma.

Chini ya jabali palikuwa pakavu. Kopo lilikuwa mahali pake, mfuniko umebanwa sawasawa. Nililifungua nikiwa nimechuchumaa. Karatasi ya majina ilikuwa imelowa na kukauka, haisomeki, hakuna aliyeongeza kitu. Vile vitu vidogo vya kitoto vilikuwemo. Kisu hakikuwemo.

Mahali pake palikuwa na kipande cha kamba ya mgomba. Hakikuwa kikavu sana, bado kilikuwa na ukijani pembeni, kimechanwa vizuri kwa kisu kikali. Kilikuwa kimefungwa kikawa kitanzi, na fundo lake halikuwa na ncha.

Nilikaa chini kwenye udongo. Nililigeuza lile fundo, nikalisukuma kwa kidole gumba upande huu na upande ule, kama nilivyofanya utotoni, likakataa vilevile. Kutoka pale jabalini, ukungu ukifunguka kidogo, unaliona paa la mama mkubwa na moshi wa jiko lake. Unaona hata mtu akipita uani. Niliita jina la kaka. Sikupiga mluzi, niliita kwa sauti ya kawaida, kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili. Hakuna aliyeitika, na nilimshukuru Mungu kwa hilo, na papo hapo nikalia kwa sababu hakuna aliyeitika.

Nilishuka nikiwaza nitasema nini. Unaweza kuchukua kitu kama kile ukakitupa majanini, na mama wa watu akakaa matanga yake kwa amani. Mjomba angenishukuru. Nilifika kibarazani ile kamba ikiwa kwenye kiganja, ndani ya ngumi, ndani ya mfuko wa koti.

"Umekipata?"

"Hakipo, mama. Kimechukuliwa."

Alinitazama usoni. Alikuwa ameshaujua mchezo kuliko sisi sote.

"Wameacha nini?"

Niliitoa nikampa. Sikuweza kumtazama, nilimtazama mpima, naye alikuwa anatazama kofia yake. Mama mkubwa aliileta kamba karibu na macho, kisha akaishusha. Kidole gumba chake kilienda chenyewe. Alisukuma mara moja, upande ambao mimi katika maisha yangu sijawahi kuufikiria, na fundo likaachia. Akainyoosha ile kamba juu ya goti lake, ikawa kipande cha kamba tu, kama vile vinavyozagaa kila ua mlimani kwetu.

Mpima akakohoa, akasema polepole kwamba kuna watu waliochapisha ile karatasi zamani kabla hajaifuta, huenda mmoja wao alipanda. Akasema vijana wanaolala shimo moja hufundishana mambo mengi, pamoja na mafundo, na huenda mwenzake yule aliyerudi ndiye. Alikuwa anasema kweli. Yote hayo yanawezekana mpaka leo.

"Baba," akasema mama mkubwa, "nakusikia. Lakini nisikilize na mimi. Pale juu panaonekana hapa. Mlango wangu miaka yote hii haujafungwa. Mtu akifika pale, akauona moshi wa jiko langu, akachukua kisu, akafunga fundo, akageuka akaenda zake asishuke kuniamkia, huyo mimi simjui." Aliizungusha kamba kidoleni. "Mwanangu mimi angeshuka. Kwa hiyo mwanangu amekufa. Wewe, mwambie mjomba wako aite watu."

Akachukua ule ungo wa maharage, akayamimina kwenye mfuko, akaufunga mdomo kwa ile kamba, fundo la kawaida, akaingia nao ndani.

Matanga yakakaliwa. Watu walipanda kutoka mjini, wengine kutoka Mlali, na mama mkubwa alilia kwa mara ya kwanza tangu kaka aondoke, kwa sauti ambayo wanawake wenzake walishindwa kuishika. Ilikuwa kama alikuwa ameiweka akiba. Jina akapewa mtoto wa dada yangu, aliyekuwa bado hajaota meno, na badala ya kisu mjomba alimgusisha mkononi kile kigari. Jioni ya mwisho, wageni walipotawanyika, nilisikia mama mkubwa akifunga mlango wa mbele. Komeo lilikuwa limeshika kutu, ilimbidi aligonge kwa jiwe. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akanenepa, akawa anamgombeza mjukuu kwa lile jina bila kigugumizi. Kwake jambo lilikwisha.

Kwangu ndipo lilipoanza. Mimi niliyemzika kaka kichwani mapema kuliko wote, mimi niliyekasirikia mlango wazi, sasa ndiye nisiyeweza kusikia tenga likifungwa sokoni bila kwenda kutazama mikono ya anayelifunga. Usiombe kujua nimechungulia mikono mingapi. Kundi lilitawanyika. Mpima alihamia kwa wanawe, wazungu walirudi kwao, na jipiesi sasa imo ndani ya simu ya kila mtoto. Kibanda cha intaneti kilikufa. Lakini kopo liko palepale chini ya jabali. Lilipopasuka nilinunua jipya la namna ileile.

Ndani yake hakuna kitu ila ufunguo. Niliurudisha mwenyewe siku ile baada ya matanga. Nikipanda kuwaamkia wazee waliolala kichakani, na sasa mama mkubwa ni mmoja wao, huwa napita jabalini, nachuchumaa, nafungua mfuniko. Ufunguo naukuta. Nausugua kutu kwa majivu niliyoyabeba kwenye karatasi, naurudisha, nabana mfuniko, kisha nasimama kidogo kutazama paa kule chini, nione kama mtu akisimama pale jabalini anaonekana kutoka kwenye mlango.